Lamu ina kina, lakini mzigo uko wapi?

Mleta mada kauliza mambo mawili: kama ni kweli Mchina ameshaichukua bandari ya Lamu, na mbona bandari yenye kina kuliko Mombasa imeshindwa kumnyang'anya Djibouti mzigo wa Ethiopia. Mimi ni wakala wa forodha Mombasa, na mizigo ya transiti, ile inayopita Kenya kwenda nchi jirani, ndiyo inayonilisha. Nitajibu kwa niliyoyaona.

La Mchina halina urefu. Magati matatu ya mwanzo yalijengwa na kampuni ya China, CCCC, ila fundi aliyekujengea nyumba hawi mwenye nyumba. Anayeiendesha ni Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Nadhani watu wanachanganya na Hambantota kule Sri Lanka, ambako mwaka 2017 kampuni ya China Merchants ilikodishiwa bandari kwa miaka 99.

La pili ndilo lenyewe. Mwaka 2022 nilikuwa na mteja wa Hawassa, kusini mwa Ethiopia, aliyekuwa anaingiza mitambo ya kukoboa kahawa. Alikuwa amesoma kwamba Lamu ina kina cha mita 17.5, akaamua ni huko huko. Nikasema haya, tujaribu. Kwanza nikauliza kwa wenye meli: hakuna meli iliyokuwa inakwenda Lamu kwa ratiba ya kueleweka, kontena lingeshushwa kwingine lingoje meli ya kulipeleka. Kisha nikatafuta malori. Wenye malori watatu walinikatalia siku moja. Mmoja aliniuliza, "Sawa, nimeshusha Moyale, mpakani na Ethiopia. Kurudi Lamu kuchukua kazi nyingine, nabeba nini?" Sikuwa na jibu. Halafu njia ya kutoka Lamu kupitia Garsen ilikuwa ya kusindikizwa na askari, na usiku hakuna kwenda, na dereva anayekubali anataka posho yake juu. Mteja akapitishia Djibouti, nami kazi ikanipita hivi hivi.

Huko Djibouti alikuta reli ya umeme hadi Addis Ababa, iliyoanza kazi ya biashara Januari 2018, na mawakala waliokwisha kuzoeana na forodha ya Ethiopia miaka mingi. Unashindana vipi na hilo kwa kina cha maji?

Lakini msidhani Djibouti wamelala usingizi. Februari 2018 waliwatimua DP World wa Dubai kwenye kituo cha makontena cha Doraleh, kesi zikafika London. Wakati huo DP World walikuwa wameshatia saini kuendesha bandari ya Berbera, Somaliland, tangu 2016. Djibouti yenyewe nchi ndogo, lakini Wamarekani, Wafaransa, Wajapani na Wachina wote wana kambi za kijeshi hapo. Na Januari 2024 Ethiopia ikatia saini makubaliano na Somaliland ya kupata njia ya baharini, Mogadishu ikawaka, kwa kuwa Somalia inaihesabu Somaliland kuwa ni yake, hadi Uturuki ikawakalisha Ethiopia na Somalia Ankara mwezi Desemba.

Mimi naona hivi: Addis inahitaji bandari nyingi za kuzitaja kuliko za kuzitumia. Kila ikiitaja Berbera au Lamu, Djibouti inajua bei yake inapimwa. Sisi tunadhani tunachumbiwa, kumbe tunatumiwa kumtia wivu mke wa nyumbani.

Tena kumbukeni mpango wenyewe, LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, ulisimama juu ya nani. Machi 2012 Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini waliuzindua pamoja pale Lamu. Meles akafariki Agosti mwaka huo huo. Sudan Kusini ikaingia vitani Desemba 2013. Uganda, ambayo 2015 ilikuwa imekubali mafuta yake yapite Kenya, ikageuka 2016 na kuchagua Tanga: bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Gati la kwanza la Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, mafuta yaliyokuwa moja ya sababu kubwa za kulijenga yalikuwa yameshapata njia nyingine.

Kuna watakaosema siku hizi meli zinaonekana Lamu. Ni kweli. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini, na Lamu ikaokota chochote humo. Ila sehemu kubwa ni kontena linaloshushwa kutoka meli hii na kupandishwa ile, haligusi lori wala meza yangu. Bandari inapata ada yake, wenye malori na sisi mawakala tunatazama.

Yule mteja wa Hawassa alinipigia tena, akauliza barabara ya Lamu kwenda Garissa imefika wapi. Nikamwambia nitamuulizia kwa dereva, nikimpata wa kwenda.