Kabla sufuria haijawekwa mezani: barua kwa binti yangu aliye Chongqing, China

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Umeniuliza kama uende Jumamosi na wageni wenzako wa kazini kula huoguo, ile sufuria ya mchuzi inayochemka katikati ya meza kila mtu akipikia chake humo. Ukauliza pia Mwislamu atakulaje sufuria moja na watu wasioangalia halali. Jibu langu ni nenda. Ila neno la halali liseme leo hii kwa simu, mgahawa haujachaguliwa bado. Ukingoja mpaka mezani utakuwa umechelewa.

Kwenye sinia la pilau kila mtu ana upande wake, na adabu inakuzuia kuvuka. Huoguo haina upande. Mwenzako akitia kipande cha nguruwe, kimeshaingia kwenye tofu yako na uyoga wako. Hata ile sufuria iliyogawanywa kati, nusu nyekundu ya pilipili na nusu nyeupe, usiitegemee. Wageni wengi huona nyeupe ndiyo salama kwa sababu haiwashi, kumbe mara nyingi imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Nyekundu ya Chongqing hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hujui nani kamchinja. Halafu huletwa damu ya bata iliyoganda, imekatwa vipande vinavyofanana na maini. Iangalie sana hiyo.

Utaona na sufuria yenye vyumba tisa. Husimuliwa kwamba ilianza kwa vibarua wa mtoni huko huko Chongqing, watu wasiojuana waliochangia moto mmoja kila mtu na chumba chake. Nzuri kwa kupanga chakula, lakini mchuzi hupita chini kwa chini.

Kwa hiyo waambie mtafute mgahawa ulioandikwa qingzhen, yaani wa halali. Mara nyingi kibao chake ni cha kijani; zamani kilikuwa pia na maandishi ya Kiarabu, ila sehemu nyingi yameondolewa. Wenyewe huwa ni Wahui, Waislamu wa China, na huoguo wanaijua barabara. Mgahawa wa Donglaishun wa Beijing, maarufu kwa nyama ya kondoo ya kuchovya, ulianzishwa na Mhui mwaka 1903. Usijione unawaharibia wenzako starehe kwa kuwapeleka huko.

Nakumbuka mara yangu ya kwanza, nikiwa mwanafunzi Beijing. Tulikuwa wageni watupu: Mmali, Myemeni, Mnepali, Mwuzbeki na mimi, Kichina chetu cha kuunga unga. Myemeni ndiye aliyefanya jambo la maana. Kabla hatujatoka bwenini alimuuliza kila mmoja asichokula, badala ya kutangaza cha kwake tu. Mnepali alikuwa Mhindu, hali ng'ombe. Sisi hatuli nguruwe. Kondoo akatupatanisha sote, na usiku ule hakuna aliyekaa akiichungulia sufuria kwa wasiwasi. Nawe fanya hivyohivyo. Huenda mezani kwenu yupo mwingine mwenye mwiko wake na anaona haya kuusema.

Sufuria ya Beijing ni ya shaba nyekundu, ina dohani katikati na mkaa ndani yake. Mchuzi wenyewe ni kama maji tu, yenye tangawizi na vitunguu vya majani, kwa sababu utamu wote uko kwenye nyama. Hukatwa nyembamba mno. Unaishika kwa vijiti, unaizungusha kidogo, ikibadilika rangi unaitoa. Sisi tulitia sahani nzima kwa mara moja, na mhudumu, mama wa Kihui, akaja akatuonyesha: kidogo kidogo, nyama kwanza, kabichi na tofu baadaye, tambi mwisho. Ya kuchovya ilikuwa ufuta uliosagwa, na pembeni kitunguu saumu cha siki na sukari. Mpaka leo sijala kondoo aliyenipendeza kama yule.

Ya kwenu Chongqing ni kali zaidi. Ndani yake mna punje za huajiao zinazotia ulimi ganzi, usishtuke. Chovya kwenye mafuta ya ufuta yenye kitunguu saumu, hupunguza ukali. Matumbo ya ng'ombe yanatosha sekunde 15 hivi, yakizidi yanakuwa mpira. Vijiti vya nyama mbichi viwe mbali na vya kulia. Ule mchuzi mwekundu usiunywe.

Na wasipopata qingzhen, ipo migahawa ambayo kila mtu huwekewa kisufuria chake. Humo agiza mchuzi wa uyoga au nyanya baada ya kuuliza umepikwa na nini, kisha mboga na samaki. Hapo pia utakula nao vizuri.

Mama yako anakusalimu sana. Niandikie Jumapili unieleze mmekula wapi.

Baba yako