Rangi ya ngozi haikingi ugonjwa, ila huficha dalili

Korona ilipoingia mwaka 2020, maneno yalizagaa kwamba mtu mweusi haishiki. Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza Machi 13, Tanzania Machi 16, na uvumi ukaendelea tu. Wala si mpya. Mwaka 1793 homa ya manjano ilipoikumba Philadelphia, Marekani, daktari Benjamin Rush aliamini weusi hawaipati, akawaomba wauguze wagonjwa. Waliuguza, wakaambukizwa, na wengi wakafa.

Melanini, yaani hiyo rangi yenyewe, huzuia mionzi ya jua. Korona hupita puani na mdomoni, malaria huletwa na mbu. Huko melanini haina la kufanya. Wanaotaja sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa damu, wana nusu ya hoja: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini kinga hiyo iko kwenye chembe nyekundu za damu, na wenye nayo wapo hata India na Ugiriki.

Rangi huleta tofauti kwenye kuutambua ugonjwa. Tumezoea kuambiwa tutafute wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hugeuka zambarau au kahawia iliyokolea, au usionekane kabisa. Kwa surua, mkalishe mtoto penye mwanga wa mchana, umpapase nyuma ya masikio na kwenye paji la uso. Vipele huanzia huko, na vidole huvigundua kabla ya macho. Kisha mfungue mdomo. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ndani ya mashavu, karibu na magego, hutangulia vipele kwa siku moja au mbili. Vikiandamana na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, mpeleke kituoni, ila useme mapema mlangoni unachohofia. Surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada, na kwenye foleni wamo vichanga ambao hawajafikisha miezi 9 ya kuchanjwa.

Mwili ukigeuka manjano kwa ugonjwa, rangi hiyo itafute kwenye weupe wa macho. Kidonda kinachovimba kiguse kwa mgongo wa mkono, ulinganishe joto na upande wa pili, kisha uchore ukingo wa uvimbe kwa kalamu. Uvimbe ukivuka mstari, nenda siku hiyohiyo.

Kile kipima oksijeni cha kubana kidole nacho hukosea: kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Futa rangi ya kucha (ya hina au piko tumia kidole kingine), pasha mkono joto, subiri namba itulie. Hata ikisoma vizuri, mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani, ni wa hospitali.

Kuibadilisha rangi, hapo ndipo maambukizi hupata njia. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli, inayoikondesha ngozi na kulemaza kinga yake. Choa kikiingia, krimu hutuliza muwasho na kufifisha ule ukingo wa duara unaokitambulisha, huku fangasi wanaenea. Ukiacha kupaka, muwasho hurudi kwa kishindo, nawe unarudi kwenye kopo. Ukienda kwa daktari wa ngozi, beba kopo hilo. Kama ni mkorogo usio na lebo, mwambie hivyo hivyo.