Jivu la Jikoni na Udongo Ulioingia Oili

SWALI: Mhariri, salamu. Nimenunua kiwanja hapa Malindi kilichokuwa gereji. Udongo ni mweusi, unanuka oili na unabonyea ukikanyagwa. Fundi anashauri tuuchanganye na jivu la vifuu kabla ya kujenga msingi. Je, litafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako hajakosea kabisa, ila amechagua jivu lisilofaa. Linaloimarisha udongo ni jivu lenye silika nyingi, yaani madini yaliyo pia kwenye mchanga, na hapo makapi ya mpunga hayana mshindani, kwani yakichomwa vizuri, kwa joto la nyuzi 600 hadi 700 hivi, jivu lake huwa na silika ya takriban asilimia 85 hadi 90. Jivu la vifuu lina potasiamu nyingi, ambayo ni chakula cha mimea. Hilo lipeleke shambani. Hata hivyo, silika peke yake haishiki mpaka ikutane na chokaa au saruji pamoja na maji, na mshiko huo hukomaa kwa majuma, si kwa siku mbili.

Tatizo lako kubwa ni oili. Chukua konzi ya udongo huo uudondoshee maji: yakibaki juu kama shanga, ujue chembe zimevikwa mafuta na chokaa haitazishika barabara. Sehemu hiyo ichimbwe na kuondolewa kwa utaratibu wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, si kumwagwa kichochoroni, maana jivu haliondoi sumu ya oili chafu, na visima vyetu vya pwani havina kina kirefu. Udongo utakaobaki upimwe maabara kwa viwango tofauti vya jivu na chokaa kabla ya kushindiliwa.