Asisubiri figo ya nguruwe

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama kaka yako, ambaye figo zake zimefeli, aache figo unayotaka kumpa ili asubiri zile za nguruwe. Kwa maoni yangu, asisubiri.

Habari za nguruwe ni za kweli. Machi 2024, huko Boston, Richard Slayman alipandikizwa figo ya nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 69 ya jeni, ili mwili wa binadamu usiikatae upesi na virusi vya nguruwe visimwambukize. Alifariki miezi kama miwili baadaye, na hospitali ikasema haikuona dalili kwamba figo hiyo ndiyo iliyomuua. Ni hatua kubwa, lakini bado ni majaribio. Figo ya mtu aliye hai imeokoa watu tangu 1954.

Mimi nahofia zaidi maisha baada ya upasuaji. Dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, muda wote figo inapofanya kazi. Aweke alamu kwenye simu. Siku ya kupima kiwango cha dawa, asimeze dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe, la sivyo daktari atapanga dozi kwa namba isiyo sahihi. Akipata homa, hata ndogo, apige simu siku hiyohiyo.

Na wewe je? Omba daktari wako mwenyewe, asiyemtibu kaka yako. Wakikuuliza kuhusu presha au sukari, usifiche kitu. Na una haki ya kughairi, hata asubuhi ya upasuaji.