Je, Kezilahabi alishindwa vina?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salaam. Ninafundisha Kiswahili hapa Igoma, jijini Mwanza. Juzi, tulipokuwa tukisoma mashairi ya Profesa Euphrase Kezilahabi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano aliuliza kama mshairi huyo aliviacha vina na mizani kwa sababu hakuviweza. Darasa zima liliangua kicheko, nami sikuwa na jibu la kumtosheleza. Naomba ufafanuzi, na pia nijulishwe kama ni kweli kwamba alikuwa mtu wa huku kwetu.

JIBU: Mwalimu, tuanze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma katika seminari ya Nyegezi, ambako kutoka hapo Igoma unafika kwa daladala. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikatoka riwaya yake ya Rosa Mistika, ambayo msichana wake mkuu naye ni wa Namagondo. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, na baadaye shule hizo hizo zikaja kuifundisha.

Kuhusu vina, mwanafunzi wako hakukosea kuuliza, maana wazee wa ushairi waliuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Tangu mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi, wengi walishika kwamba utungo usio na vina na mizani ni guni, si shairi. Diwani ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974, Kezilahabi alieleza katika utangulizi wake kwamba alikusudia kutumia lugha ambayo watu huizungumza kila siku, na kwa kauli hiyo akawasha mjadala kati ya wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, na wanamabadiliko, walioona kwamba shairi si lazima liwe navyo, mjadala ambao ulidumu miaka mingi. Mtu aliyeandika tasnifu ya uzamili juu ya Shaaban Robert hakuwa mgeni wa kanuni. Kwa maoni yangu, jambo la kuzingatia ni kwamba alikulia katika Kikerewe, upande wa ziwa ambako tungo ziliimbwa na kusimuliwa bila mtu kuhesabu mizani kwa vidole. Wahaya, jirani za Wakerewe, wana enanga, masimulizi marefu ya mashujaa yanayoimbwa kwa ala ya nyuzi yenye jina hilo hilo, na hakuna anayeyaita guni.

Tazama shairi lake la “Dhamiri Yangu”. Msemaji amefungwa na dhamiri kama mbuzi kwenye mti wa utu. Kamba ni fupi, amekwisha kuchora duara, na majani yote anayoweza kuyafikia ameyala. Mbele yake yapo mengine mengi, anayaona tu. Mistari nayo ni mifupi, inakatika ghafla, kama mnyama anayekimbia na kurudishwa na shingo yake. Anayejua kufunga mbuzi malishoni hahitaji kufafanuliwa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa utafiti juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, na fikra hizo ndizo zilizozaa Nagona na Mzingile, riwaya ambazo hata walimu huziogopa. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana. Diwani ya Karibu Ndani ilitoka mwaka 1988, na Dhifa mwaka 2008. Alifariki Dar es Salaam Januari 2020.

Sasa mpe kijana wako shairi hilo la mbuzi, alitie vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita kila mshororo, kisha alisome mbele ya wale waliocheka.