Kigari changu kinagonga ukuta tangu nikiunganishe na hifadhidata

Swali: Nina kigari cha roboti chenye mota mbili, kihisi cha umbali cha mawimbi ya sauti kwa mbele, na mkono mdogo wa sevo moja (mota inayogeuka hadi nyuzi inazoagizwa). Programu kuu nimeiandika kwa Python kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja. Mota zinaendeshwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kudhibiti vifaa, iliyounganishwa kwa USB, sevo nimeichomeka kwenye pini za Pi yenyewe. Kilikuwa kinatembea vizuri. Nikaongeza hifadhidata ya MySQL kwenye laptopu, kupitia Wi-Fi: kila kipimo kinaandikwa kwenye jedwali, na amri za kwenda au kusimama naziandika kwa simu kwenye jedwali jingine ambalo roboti inalisoma. Sasa mkono unatetemeka na kigari kinagonga ukuta. Nikizima hifadhidata, kinapona. Nimeshauriwa nihamie hifadhidata yenye kasi zaidi, au nizime ule usalama wa kuandika kwenye diski. Ni hifadhidata ipi yenye kasi ya kutosha?

Jibu: Hakuna. Hakuna hifadhidata yenye kasi ya kutosha kwa kazi uliyoipa, kwa sababu umeiweka mahali ambapo kinachotakiwa ni uhakika wa muda, na hifadhidata haijawahi kuahidi hilo. Swali la namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeliuliza ameshapita kwa mshauri aliyemwambia anunue bodi kubwa zaidi. Wengine wameshanunua, na kigari bado kinagonga ukuta. Inaniuma, maana tiba yake ni kuhamisha mistari michache tu ya programu.

Tuanze na ukuta. Mzunguko wako wa udhibiti unakwenda hivi: pima umbali, andika kipimo, soma amri, amua, tuma kwa mota, rudia. Kupima kitu kilicho sentimita 20 mbele huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 1, sauti ikienda na kurudi. Kutuma amri ya baiti 10 kwa Arduino kwa kasi ya baudi 115,200 (biti 115,200 kwa sekunde) hakufiki hata milisekunde 1. Katikati ya kazi hizo mbili nyepesi umeingiza safari ya redio hadi kwenye laptopu, kusubiri laptopu iandike kwenye diski yake, kisha kusubiri jibu lirudi. Na unaifanya mara mbili, ya kuandika na ya kusoma. Siku njema ni milisekunde chache. Redio ikilazimika kurudia pakiti, au laptopu ikiwa inasinzia kuokoa betri, inafika 300. Mtandao ukikatika kabisa, Python inasimama kwenye mstari uleule ikisubiri, na mota zinaendelea na amri ya mwisho ziliyopewa.

Kigari kinachokwenda nusu mita kwa sekunde hutembea sentimita 15 katika milisekunde 300. Kama umekiambia kisimame kikiona kitu sentimita 20 mbele, kimebakiwa na sentimita 5 za kufunga breki. Mara nyingine zinatosha, mara nyingine hazitoshi, ndiyo maana unaona kinagonga leo na kesho kinapona bila wewe kubadilisha chochote.

Sasa upotofu wenyewe. Watu hupima wastani. Wanaandika mistari 1,000, wanagawanya muda, wanapata milisekunde 2 kwa kila mstari, wanafurahi. Kijana mmoja aliniletea roboti yake akiapa kwamba hifadhidata haina kosa, kwa sababu alikuwa ameshahamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, kwenye kadi ya kumbukumbu ya Pi na wastani wake ulikuwa mzuri. Nilimwomba achapishe kwenye skrini muda wa kila uandishi mmoja mmoja. Tukakaa tukiangalia: 2, 2, 3, 2, 2, 2, 410, 2, 3. Ile 410 ndiyo ilikuwa inamgongesha. Kadi ya kumbukumbu ina kazi zake za ndani, kufuta vitalu na kupanga upya data, na inazifanya kwa wakati inaoutaka yenyewe. Hakuna mpangilio wowote wa SQLite utakaoiamuru isifanye. Unapojenga kitu kinachotembea, takwimu ya kuitazama ni ule muda mbaya kuliko yote.

Mkono unaotetemeka una chanzo kinachofanana. Sevo ya kawaida hupokea mpigo mmoja kila milisekunde 20, na upana wa mpigo, kati ya takriban milisekunde 1 na 2, ndio unaoiambia ikae wapi. Kwa sevo nyingi upana huo wa milisekunde 1 ni kama nyuzi 90. Piga hesabu: mpigo ukikosewa kwa milisekunde 0.05 tu, mkono unasogea zaidi ya nyuzi 4. Ukiutengeneza mpigo huo kwa programu kwenye Pi, kichakato hichohicho kinachohangaika na Wi-Fi na hifadhidata ndicho kinachotakiwa kukata mpigo kwa usahihi huo. Hakiwezi. Hamishia sevo kwenye Arduino, ambayo ina kipima muda cha maunzi na haina kingine cha kufikiria. Na ipe sevo umeme wake, usiivutie kwenye laini ya volti 5 ya bodi, ila unganisha waya za hasi pamoja.

Kuhusu ushauri wa kuzima usalama wa kuandika, nitasema wazi: aliyekupa ushauri huo usimsikilize tena kwa jambo hili. Hifadhidata husubiri diski ithibitishe kwa sababu umeme unaweza kukatika. Na ni kifaa gani kinachokatikiwa umeme mara nyingi kuliko roboti ya kujifunzia? Mota zinapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa, volti inashuka, Pi inazimika ghafla. Betri inachomolewa mkononi. SQLite yenye synchronous=OFF, yaani isiyoisubiri diski, inaweza kuharibika faili zima katika hali hiyo, siyo kupoteza mstari mmoja wa mwisho tu. Weka journal_mode=WAL, yaani mpangilio wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, uliopo tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, pamoja na synchronous=NORMAL. Hapo umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala (vifurushi vya maandishi vinavyothibitishwa kwa pamoja) michache ya mwisho, lakini faili linabaki zima. Sharti ni kwamba faili liwe kwenye kadi au diski ya Pi hiyohiyo. WAL haifanyi kazi kwenye folda ya mtandao, na hilo nalo kuna watu wanalijaribu.

Mpangilio unaokufaa ni huu. Mzunguko wa udhibiti usiiguse hifadhidata kabisa. Ukishapima, tupia kipimo kwenye foleni iliyo kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) na uendelee na safari. Foleni iwe na kikomo, tuseme vipimo 5,000, na ikijaa itupe vya zamani badala ya kumsimamisha anayeweka. Deque, aina ya foleni ya Python, ukiiwekea kikomo kwa maxlen hufanya hivyo yenyewe. Uzi wa pili wa programu, yaani sehemu inayokwenda sambamba na ile kuu, ndio unaochota kutoka kwenye foleni na kuandika SQLite, mara moja kwa sekunde, vipimo vyote vya sekunde hiyo ndani ya muamala mmoja. Muamala mmoja, nasisitiza. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaeleza kwamba kompyuta ya kawaida huingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde, lakini kwenye diski ya kuzunguka humaliza makumi machache tu ya miamala kwa sekunde. Gharama iko kwenye kufunga muamala, na wewe umekuwa ukiufunga kwa kila kipimo.

Fungua muunganisho wa SQLite ndani ya uzi huo wa pili. Ukiufungua kwenye uzi mkuu na kuutumia kwenye wa pili, Python itakukatalia kwa ujumbe wa kosa, na mtandaoni utakuta wanaokwambia uzime ukaguzi wa check_same_thread ili kosa liondoke. Kosa hilo linakulinda. Sogeza mstari mmoja mahali pake.

MySQL ya laptopu bado ina nafasi: programu ya tatu, inayojitegemea, inanakili kutoka SQLite kwenda laptopu kila laptopu inapopatikana. Ikikosekana siku nzima, roboti haijui. Kwenye kila mstari weka pia saa isiyorudi nyuma, yaani time.monotonic, kando ya saa ya kawaida, kwa sababu Pi 4 haina saa yenye betri, na ikipata intaneti dakika tano baada ya kuwaka, saa yake inaruka.

Linaloniogopesha zaidi kuliko yote ni lile jedwali lako la amri. Mstari wa jedwali haufi. Ukiandika “mbele, kasi 80” saa nne asubuhi, ni “mbele, kasi 80” hata saa nne usiku. Niliwahi kuwa kwenye chumba ambamo roboti ya namna hiyo ilikuwa imezimwa, imewekwa juu ya meza ili kubadilishiwa betri. Betri ilipoingia, Pi ikawaka, programu ikaanza yenyewe, ikasoma mstari wa mwisho wa jedwali na kuutii. Iliteremka mezani ikiwa na kasi kamili. Ilikuwa na mkono wenye koleo, na aliyekuwa amesimama mbele yake alikuwa ameinama kuokota skrubu. Ilimpita pembeni kwa kiasi cha upana wa kiganja.

Amri ya mwendo lazima iwe na uhai mfupi. Itume moja kwa moja, kwa soketi (muunganisho wa mtandao kati ya programu mbili) au kwa MQTT (mfumo mwepesi wa kupelekeana ujumbe), na irudiwe mara 10 kwa sekunde kadiri kidole kikiwa kwenye kitufe. Kwenye Arduino andika sharti moja: zikipita milisekunde 300 bila amri mpya, mota zisimame. Sharti hilo likae Arduino, lisikae kwenye Pi, maana Pi ndiyo inayoganda. Na kama unatumia MQTT, usiwashe alama ya kuhifadhi ujumbe wa mwisho kwa amri za mwendo, kwa sababu ujumbe uliohifadhiwa hukabidhiwa roboti mara inapojiunga, na utakuwa umerudisha kosa lilelile la jedwali kwa mlango mwingine.

Kinachostahili kusomwa kutoka kwenye hifadhidata ni vitu vinavyodumu: vipimo vya marekebisho ya sevo, jina la roboti, ramani ya chumba, orodha ya kazi. Visome mara moja wakati wa kuwasha, viweke kwenye kumbukumbu, basi.

Nataka pia kuwaambia wengine wanaosoma, kwa kuwa kosa hili halitembei peke yake. Anayefundisha watu kuweka hifadhidata katikati ya mota ndiye pia anayewafundisha kufungua poti 3306, mlango wa mtandao wa MySQL, kwenye intaneti yote ili simu iifikie kutoka popote, akitumia akaunti ya root, ile yenye ruhusa zote, yenye nenosiri la herufi nne. Ndiye anayewapa maktaba ya kuunganisha Arduino moja kwa moja na MySQL, nenosiri likiwa limeandikwa ndani ya programu ya bodi, ambapo yeyote mwenye bodi na waya wa USB anaweza kulisoma. Poti hizo hutafutwa na programu za kiotomatiki mchana na usiku, hazichagui kama ni benki au kigari cha mtoto. Na nyuma ya hifadhidata hiyo kuna kitu chenye mota. Weka programu ndogo ya kati inayopokea maombi, inayokagua aliyeomba ni nani, na iingie kwenye hifadhidata kwa akaunti isiyo na ruhusa zaidi ya kuingiza mistari kwenye jedwali moja.

Ndiye pia anayejenga sentensi za SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, kwa kubandika maneno ya mtumiaji ndani yake kwa alama ya kujumlisha. Msomaji mmoja alikuwa na roboti inayosikia maneno na kuyaandika kwenye jedwali. Ilifanya kazi wiki nzima, ikafa siku mtu alipotamka “ng'ombe”. Ile ritifaa ilifunga sentensi ya SQL katikati ya neno, hifadhidata ikakataa, programu ikaanguka. Alishauriwa aondoe ritifaa kwenye maneno yote, na akafanya hivyo, akabaki na jedwali lililojaa “ngombe” na “ngambo”. Alama ya kuuliza ndani ya sentensi ya SQL mahali pa thamani, na thamani yenyewe ikapelekwa pembeni yake, ingemaliza tatizo, na ingemkinga pia na mtu wa kutamka au kuandika kitu kibaya kuliko ng'ombe. Hilo ni jambo la dakika moja, na bado naona mafunzo mapya yakiandikwa bila ya hilo.

Kwa kigari chako, ukimaliza kuhamisha, fanya jaribio hili kabla ya kukirudisha sakafuni. Kiinue magurudumu yaelee, kiwashe kiende mbele, kisha zima laptopu bila kuaga. Magurudumu yasibadilike hata kidogo, na mkono utulie. Washa tena laptopu na hakikisha vipimo vya wakati ule vimefika vyote. Kisha ondoa simu kwenye Wi-Fi huku kidole kikiwa kwenye kitufe cha mbele: magurudumu yasimame kabla hujamaliza kutamka “moja”. Yasiposimama, tatizo liko kwenye lile sharti la milisekunde 300, na mahali pa kwanza pa kutazama ni kama umeliweka ndani ya sehemu ya Arduino inayosubiri herufi za USB, badala ya nje yake.