"Prequel" si utangulizi

Salaam, ndugu. Umeuliza kama "prequel" ni sehemu ya kwanza ya hadithi, na kama inafaa kuitafsiri "utangulizi". Mimi hutafsiri maelezo ya filamu, na jambo la kwanza ninaloangalia ni mwaka ambao kazi ilitoka, kisha wakati ambao kisa chake kinatokea, kwa sababu prequel hutoka baadaye lakini husimulia yaliyotangulia. Filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, ilimwonyesha Darth Vader akiwa mtu mzima wa kuogopwa. Ile ya 1999 ikarudi nyuma hadi utoto wake, na hiyo ndiyo prequel.

Mfano unaochanganya wengi ni The Hobbit, hadithi ambayo kisa chake kinatangulia kile cha The Lord of the Rings. Kitabu kilitoka 1937, kabla ya The Lord of the Rings kuanza kuchapishwa 1954, hivyo hakikuandikwa kama prequel. Filamu zake, zilizoanza kutoka 2012, ni prequel, kwa kuwa zile za The Lord of the Rings zilikwisha kuonyeshwa tangu 2001 hadi 2003.

Kuhusu tafsiri, nakusihi uliepuke neno "utangulizi", maana msomaji atadhani ni dibaji. Mimi huandika "kisa cha awali".